Bahari Ikiwa Imejaa

(Maneno niliyosema Shangani, Mtwara, siku moja baada ya mashindano ya traiathloni ya kufunga msimu)

Ndugu mgeni rasmi. Wazee wangu wa pwani, shikamooni. Mama zangu mlioketi kwenye mikeka, shikamooni. Wanafunzi wangu ninaowaona kule nyuma chini ya mkungu, hamjambo. Wanamichezo wenzangu, poleni na jana.

Nimeombwa niseme machache kwa niaba ya washiriki wanawake. Matokeo yameshasomwa na waliostahili zawadi wamezipata, kwa hiyo sitayarudia. Nataka kusema juu ya dakika 31 nilizokaa majini jana asubuhi.

Huku Kusini mtu akisema msimu, hakuna anayeuliza msimu wa nini. Ni korosho. Kwa ajili ya wageni wetu basi, nieleze kwamba tunao na msimu mwingine, mdogo, ulioanza mwezi wa 6 kusi ikivuma na ukafungwa jana katika tangambili, pepo zikiwa bado hazijaamua zielekee wapi. Mashindano manne: Lindi, Mikindani, Lindi tena, kisha haya ya hapa Shangani. Kazi ni ile ile kila mara. Unaogelea mita 750, unatoka majini mbio unapanda baiskeli kilomita 20, unashuka unakimbia kilomita 5. Saa haisimami wakati unafunga kamba za viatu. Mchezo wenyewe ni traiathloni, na umbali wetu ni nusu kamili ya ule wa Olimpiki, ambako mchezo huu uliingia kwa mara ya kwanza Sydney mwaka 2000.

Kanuni yetu ya msimu ni moja: ukitaka jina lako liingie kwenye jedwali, lazima umalize mashindano matatu kati ya manne. Mimi nilikuwa nimemaliza mawili. Yale ya tatu, ya Lindi, tyubu ya nyuma ilipasuka njia ya Mingoyo, nikabadilisha, ikapasuka ya pili, na ya tatu sikuwa nayo. Nilirudi mjini kwa bodaboda nimeipakata baiskeli. Kwa hiyo jana sikuwa na nafasi ya kukosea. Nikimaliza nimo, nisipomaliza miezi sita ya kuamka saa 10 alfajiri haina mstari hata mmoja kwenye karatasi.

Wapo wanaosema huu ni mchezo wa wazungu wenye pesa. Nawaelewa, maana baiskeli zinazoonekana kwenye televisheni bei yake unapata gari. Lakini tazameni ulivyoanza. Mashindano ya kwanza yaliyoitwa kwa jina hili yalifanyika San Diego, Marekani, tarehe 25 Septemba 1974. Ilikuwa Jumatano jioni, watu wametoka kazini. Walijitokeza 46, na giza lilipoingia wa mwisho walimulikiwa kwa taa za magari. Mwaka ule ule, mwezi wa 2, Filbert Bayi wetu alikuwa ameweka rekodi ya dunia ya mita 1,500 kule Christchurch, na aliiweka kwa kuongoza tangu mwanzo mpaka mwisho. Mbio basi hatuna wa kumuonea haya. Baiskeli nayo, nani hapa hakubebwa kwenye keria akiwa mtoto, miguu kaitanua isiingie kwenye tairi? Kinachotushinda ni maji, na maji tunayo mlangoni.

Jioni ile ya San Diego watu waliingia majini wakiwa wameshakimbia na kuendesha baiskeli. Siku hizi kuogelea kunatangulia, na sababu kubwa ni usalama. Aliyechoka barabarani anakaa kwenye jiwe. Aliyechoka majini hana pa kukaa. Hilo nililisoma muda mrefu, jana nikalielewa.

Mimi nimezaliwa hapa hapa Mtwara. Bahari naijua tangu sijaanza shule. Lakini bahari niliyoijua ni ile iliyopwa. Siku za bamvua, maji yanapojaa na kupwa kupita kawaida, mama na wenzake walikuwa wanateremka mwambani na vyuma na ndoo, kuchokoa pweza, kuokota chaza, kutanda dagaa kwa kitambaa, na sisi watoto wa kike nyuma yao, maji yanatufika magotini. Yakianza kugeuka mama anaita, tunapanda. Kaka zangu walikuwa wanateremka saa ile ile sisi tunapanda. Wanapishana na sisi njiani, wanakimbia, wanaenda kuruka kutoka kwenye mitumbwi na kuzamishana mpaka macho yawe mekundu. Hakuna aliyenikataza kuogelea. Hakukuwa na neno lolote. Ilijulikana tu kwamba bahari iliyopwa ni ya wanawake na iliyojaa ni ya wanaume, na mtoto haulizi jambo ambalo halijasemwa.

Nilijifunza kuogelea mwaka juzi, nikiwa na miaka 34. Aliyenifundisha ni kijana niliyemfundisha hisabati kidato cha pili. Alinisimamisha kwenye maji ya kifuani akaniambia, "Mwalimu, weka uso ndani, toa pumzi yote kwa pua, usibakize." Wiki tatu sikufanya kitu kingine. Kuweka uso ndani, kutoa pumzi, kuinua, kuvuta, kurudi. Nilidhani anaogopa kunifundisha kuogelea. Kumbe ndiko kuogelea kwenyewe. Mikono na miguu vilikuja baadaye na havikunisumbua. Anayeogopa maji huwa anajaza kifua na kukishikilia, halafu anatafuta nafasi ya kuvuta hewa nyingine asiipate. Hewa ya zamani haijatoka.

Sasa jana. Mwezi ulipevuka Alhamisi, kwa hiyo bamvua lilikuwa kubwa. Maji yalijaa kama saa 11 na robo alfajiri. Ratiba ilisema tuanze saa 12 kamili, na waliopanga ratiba hiyo wanaijua bahari: saa 12 maji yangekuwa ndiyo kwanza yanaanza kuondoka, hayana nguvu. Lakini boti ya uokoaji tuliyoahidiwa haikufika. Bila chombo hakuna kuingia majini, na nasimama na uamuzi huo hata kama ulituumiza wengine. Tulisubiri ufukweni. Wavuvi wa hapa wakatoa ngalawa mbili, wakazitoa bure, na siku yao ya kazi ikapotea. Filimbi ililia saa 1 na dakika 10. Kwa saa hiyo bahari ilikuwa inatoka kwelikweli. Bamvua la hapa hushusha maji zaidi ya mita 3 ndani ya saa 6 hivi, na maji yote hayo lazima yapite mahali. Yanapita kwenye mlango wa bahari, kati yetu na Msangamkuu.

Njia ilikuwa pembetatu, na kila kona dumu la njano la lita 20 limefungwa kamba na jiwe. Kipande cha kwanza, kwenda nje, nilikwenda na kundi. Mkono wa mtu ulinipiga kwenye miwani, jicho moja likaingia maji ya chumvi, nikaendelea. Kipande cha pili tulifuatana na mkondo. Nikajiona mwepesi ajabu. Nilikuwa napita watu ambao sijawahi kuwapita, na nikaanza kufikiria jedwali la msimu, nafasi ya ngapi, pointi ngapi. Ni makosa hayo, na nawaambia vijana: majini usihesabu pointi.

Kipande cha tatu ni kurudi ufukweni, kwenye bendera mbili nyekundu. Nikalenga bendera. Nikapiga mikono 20, nikainua kichwa, bendera ziko kushoto. Nikageuka, nikalenga tena. Mikono 20, bendera ziko kushoto zaidi. Nina kasi ya mita 100 kwa dakika 3, yaani kama sentimita 55 kwa sekunde. Mkondo wa ubavuni wa sentimita 30 tu kwa sekunde unatosha kunifanya nichore upinde mrefu badala ya mstari, na kila ninapolenga upya nazidi kuelekea kinyume cha maji, nazidi kuwa mzito. Hesabu hii nimeichora ubaoni mara nyingi, mtumbwi na mto, mishale miwili. Jana haikunijia. Kilichonijia ni kujaza kifua na kukishikilia.

Niliposikia moyo masikioni nikajua nimeshaharibu. Nikanyanyua mkono.

Mzee mwenye ngalawa yupo hapa na amenikataza kumtaja. Alikuja kwa kafi mbili tatu, bila kelele, akaniwekea mrengu, ule mti wa ubavuni mwa ngalawa, karibu na kifua. Nikaushika. Mti ule ulikuwa na utelezi wa mwani na ncha ya kamba iliyosukwa kwa kumbi, na ile kamba ndiyo niliyoing'ang'ania, mpaka leo ninayo alama kwenye kiganja.

Waliokuwa ufukweni walidhani nimetolewa, na mwanangu alianza kulia. Naomba hili lijulikane, kwa sababu naamini limewazuia wengi kujaribu: kanuni za mchezo huu zinamruhusu muogeleaji kushika boya au chombo na kupumzika, mradi tu chombo kisimsogeze mbele. Saa inaendelea kuhesabu, lakini bado yumo mashindanoni. Haikuwekwa kwa ajili ya wanyonge. Iliwekwa ili mtu asione aibu mpaka azame.

Mzee hakuniuliza kama nataka kupanda. Alisema, "Mwalimu, toa pumzi kwanza." Maneno yale yale ya yule kijana, wala hawajawahi kukaa pamoja. Nikatoa. Nikavuta. Nilihesabu pumzi 20, na mzee ameizuia ngalawa palepale kwa kafi, haiendi mbele haiendi nyuma, kazi ambayo anayeijua bahari anajua uzito wake. Kisha akanyoosha mkono. "Unauona ule mnazi uliopinda? Achana na bendera. Lenga mnazi. Bendera zitakuja zenyewe."

Mnazi ulikuwa mbali kushoto kwa bendera, upande maji yanakotoka. Ilionekana kama kwenda kwingine kabisa. Nikaachia mrengu, nikaweka uso ndani, nikatoa pumzi, nikalenga mnazi. Nilipoinua kichwa mara ya kwanza, mnazi uko pale pale na bendera zimesogea karibu nao. Mara ya tatu mnazi na bendera vimekaribia kukutana. Goti langu liligusa mchanga katikati ya bendera mbili, sawasawa, kama mtu aliyepima kwa rula. Nyuma yangu walibaki wawili.

Niliweka beseni la maji pembeni ya baiskeli yangu. Vijana waliona nasuuza miguu, kidole kimoja kimoja, halafu najifuta kwa kanga, wakawa wananipigia kelele niende. Lindi mwezi wa 6 nilivaa soksi juu ya mchanga wa pwani nikiokoa sekunde 30, na malengelenge niliyotoka nayo yalinikalisha siku 9. Jana nilisuuza. Kisha kofia ngumu, na mkanda wake unafungwa kidevuni kabla hujaigusa baiskeli, ukiigusa kwanza unaadhibiwa. Hayo ndiyo mambo ya kubadilishia. Ni madogo na yanamaliza watu.

Barabarani sina mengi. Kwenda Mikindani na kurudi ni kilomita zetu 20, njia kila mtu hapa anaijua. Katika mashindano ya watu wa kawaida kama sisi hairuhusiwi kujificha nyuma ya mwenzako akukingie upepo. Unamwachia nafasi ya kama mita 10 au unampita moja kwa moja. Nilipita wanne. Baiskeli yangu ya mtumba haikunisaliti, na fundi aliyeiweka tyubu mpya Ijumaa usiku kwa mwanga wa simu, Mungu amlipe. Bodaboda wa Mikindani, mliosimama pembeni mkazima pikipiki zenu tupite, tuliwaona.

Kukimbia ndiko kulikokuwa na jua. Saa 2 na nusu ya mwezi wa 11 hapa kwetu, hewa imeshiba maji, jasho linatiririka lakini halikauki, na jasho lisilokauka halipozi mwili. Ukishuka kwenye baiskeli miguu inakuwa si yako. Misuli imezoea kuzunguka, sasa inaambiwa ibebe uzito na kutua. Inachukua kilomita nzima kutulia. Nikawa nawaza habari ya Cozumel, Mexico, Septemba 2016. Yalikuwa mashindano ya mwisho ya msimu wa dunia, joto na unyevu kama huu wetu. Jonny Brownlee wa Uingereza alikuwa anaongoza, na ushindi ungeweza kumpa ubingwa wa msimu mzima. Ikiwa imebaki chini ya kilomita moja, akaanza kuyumba kama mlevi. Kaka yake Alistair alimkuta pale, akamshika mkono, akamkokota mpaka mstarini na kumsukuma avuke mbele yake. Henri Schoeman wa Afrika Kusini aliwapita wote wawili akashinda siku hiyo, na ubingwa ukaenda kwa Mario Mola wa Hispania. Watu hukumbuka zaidi upendo wa ndugu wale, na ni haki yao. Mimi hukumbuka kwamba yule alikuwa miongoni mwa wanaume wenye nguvu kuliko wote duniani, na bado alihitaji mkono wa mtu.

Basi kila meza ya maji nilisimama. Glasi moja mdomoni, moja kichwani. Nilimaliza kwa saa 1 na dakika 56, na jina langu limo kwenye jedwali.

Mgeni rasmi, hapa ndipo ninapotaka kufika. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba mwaka 2021 watu kama 300,000 walikufa maji duniani, na sehemu kubwa sana ni katika nchi zenye kipato kama chetu. Sisi hatuhitaji makadirio. Tarehe 20 Septemba 2018 kivuko cha MV Nyerere kilipinduka kikiwa kimekaribia gati ya kisiwa cha Ukara, Ziwa Victoria, watu zaidi ya 200 wakapotea huku nchi kavu wakiiona. Kila siku watu wetu wanavuka kwenda Msangamkuu, na kule Lindi kwenda Kitunda, akina mama na watoto mgongoni, wafanyabiashara na matenga yao. Waulizeni wangapi wanajua kuelea.

Jana tulikuwa wanawake 6 kati ya washiriki 41. Nimewauliza wanafunzi wangu wa kike kwa nini hawaji. Hakuna aliyeniambia hapendi. Waliniambia nywele. Waliniambia nguo. Mmoja akaniambia, "Mwalimu, mama atasema nimefuata nini kule." Nywele zinafungwa kitambaa chini ya kofia ya plastiki. Nguo, mimi huogelea na suruali ya kubana mpaka kifundo na blauzi ya mikono mirefu, na hakuna mwamuzi aliyewahi kunizuia. Na kuhusu mama, mama zangu, nawaomba ninyi wenyewe. Njooni mkae hapa ufukweni na mikeka yenu kama mlivyokaa leo. Binti akiona mama yake yupo, neno lile halina nguvu tena. Flora Duffy aliyechukua dhahabu ya mchezo huu kwenye Olimpiki ya Tokyo anatoka Bermuda, kisiwa chenye watu wasiofika 70,000, na ile ndiyo ilikuwa dhahabu ya kwanza ya nchi yake. Sisemi binti zetu wataenda Olimpiki. Nasema Bermuda ni mahali pa bahari kama hapa, na kule bahari iliyojaa haikuwa ya kaka zake peke yao.

Klabu yetu ya traiathloni imekubali kwamba msimu ujao usifunguliwe kwa mashindano, ufunguliwe kwa mafunzo ya maji, na kwamba mashindano ya kwanza hayatafanyika mpaka kila mwanachama awe amemfundisha mtu mmoja kutoa pumzi na kuelea. Wazee wenye ngalawa mmesema mtakuja. Nimeshawashukuru pembeni, nashukuru tena mbele za watu.

Tunaanza Jumamosi hii. Maji yatakuwa mafu, hayana mkondo wa kumsumbua mtoto, na yatajaa asubuhi kiasi cha saa 4 na nusu. Tukutane upande ule wa mnazi uliopinda. Hakuna ada. Kila binti aje na kanga ya kujikaushia na chupa ya maji ya kunywa, na awe amekunywa chai mapema, si chini ya saa moja kabla. Mama yangu mzazi amesema atakuja, naye ataingia mpaka kifuani. Ana miaka 67.